Viporo 17: kisa cha nyumba iliyohamiwa kabla haijaisha

Kabla ya yote

Hiki kisa ni cha familia moja hapa Mwanza, wenyewe wameniruhusu nikiandike ila majina nimebadilisha, kilima wanachoishi sikitaji na vitu vichache nimevigeuza ili hata jirani yao akisoma asiseme aah hawa nawajua. Mi kazi yangu ni kusimamia mafundi kwenye ujenzi mdogo mdogo, kuongeza chumba, kumalizia choo, kupaua banda, hivyo. Sio mshauri wa ndoa wala mtaalamu wa saikolojia, japo kwenye hiki kisa kuna siku nilijikuta nafanya hizo kazi zote mbili bila malipo.

Usuli

Baba Neema ananunua dagaa mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, na kuwauzia watu wa masoko ya bara, Mama Neema ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto watatu. Boma walipandisha 2014, wakapaua baadae, na 2018 wakahamia. Nyumba ilikuwa haijaisha ila kodi ya kule walikopanga ilikuwa imewachosha, wakasema tuhamie tutamalizia humo humo. Kama umeishi mji huu unajua hiyo sentensi ilivyo, nusu ya vilima vyetu vimejaa watu wanaomalizia humo humo.

Na kilima kina mambo yake, ambayo mtu wa tambarare hayajui. Gari la mchanga linamwaga chini barabarani, pale kwenye mawe linagoma, kuanzia hapo ni vijana na ndoo kichwani. Kwa hiyo unanunua mchanga mara mbili, mara ya kwanza kwa mwenye gari mara ya pili kwa wabebaji, na mfuko wa saruji kuupandisha mpaka kwa Baba Neema ilikuwa 2,000. Ndo maana kule juu watu hawanunui vitu kidogo kidogo, wanasubiri "tukusanye hela tupandishe vyote kwa mpigo", na huo mpigo mara nyingi haufiki.

Mama Neema ndo aliyeziita hizo kazi ambazo hazijaisha viporo. Alikuwa na maana ya viporo vya ligi, sio vya wali. Timu ina mechi tatu mkononi haijacheza, lakini mashabiki wanapiga hesabu kama pointi tisa zimeshaingia. "Mume wangu nae ukimuuliza nyumba anasema imeisha, bado finishingi tu," aliniambia, "hiyo finishingi tu ina miaka saba."

Kilichowafanya wanipigie

Mama mzazi wa Baba Neema anaishi upande wa pili wa daraja, Sengerema huko ndani, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na alitakiwa aje kukaa mjini awe karibu na kliniki. Zamani kila likija swala la kumleta bibi kisingizio kilikuwa kivuko, foleni, bibi atateseka juani. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa na kisingizio kikaisha hapo hapo, sa hivi unavuka kwa dakika chache tu.

Shida ni kwamba choo wanachotumia kiko nje, chini ya ngazi nane za mawe zisizo na pa kushikilia. Cha ndani kilikuwepo, chumba kipo, shimo lipo, tailizi nusu ukuta, mlango ni khanga. Kwenye bakuli la choo waliweka ndoo ya mahindi.

Siku ya kwanza: chaki

Baba Neema alitaka nimpe hesabu ya kumaliza nyumba yote. Nikakataa, na huu ulikuwa uamuzi wa kwanza. Sababu ni kwamba nimeshawahi kutoa hesabu za hivyo nyingi tu, mtu anaona tarakimu inaanza na milioni nne anakunja karatasi anaiweka kwenye kabati, na kile ambacho angekifanya kwa laki moja nacho hakifanyi tena. (Mke wangu aliposikia nimekataa akaniuliza kama nimeanza kugawa sadaka.)

Badala yake nikamuomba mwalimu chaki, tukazunguka nyumba watatu, kila kiporo tukakipiga duara. Sebule ina kuta tatu zimepakwa rangi na wa nne haujapakwa kwa sababu siku ile kabati lilikuwa zito, duara. Waya za taa ya sebuleni zinaning'inia na tepu nyeusi miaka minne, duara. Swichi ya jikoni haina kifuniko, fimbo ya pazia imeegeshwa kwenye misumari miwili, cherehani ya mama inasubiri mkanda, gata la nyuma limefungwa nusu ya paa maji ya mvua yanaishia kwenye msingi. Tukafika 17 tukihesabu na mtumbwi, ambao haupo hata nyumbani, uko mwaloni umefunikwa kifudifudi, duara lake tulilichora kwenye mlango wa stoo.

Kitu kilichonishangaza, zile waya Mama Neema alikuwa hazioni tena. Anapita chini yake kila siku na nilipoonyesha kwa chaki akasema "ee kumbe, na hizo". Kuna mwanasaikolojia anaitwa Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 alichapisha utafiti wake wa Berlin kwamba kazi iliyokatizwa katikati inakumbukwa zaidi kuliko iliyoisha, na watu wanapenda kuutaja huo wakisema kiporo kinakusumbua kichwani mpaka ukimalize. Labda, ila wale watu wake walikatizwa kwenye vijikazi vya dakika chache na kuulizwa muda huo huo. Kiporo cha miaka minne hakisumbui mtu bwana, kinageuka fanicha.

Kwa kila duara nikauliza swali moja tu, hapa kimekwama nini. Sio kwanini hamjamaliza, maana hilo swali linajibiwa kwa kuona aibu na Baba Neema alishanijibu kabla hata sijauliza, "kaka shida yetu sisi ni uvivu tu". Mtu anaamka saa kumi usiku kwenda mwaloni miaka kumi na tano mfululizo, uvivu uko wapi hapo? Majibu yalivyokuja, kwenye 17 ni vitano tu vilivyokwama kwa hela. Vitatu vilikosa kipande au kifaa cha elfu kadhaa. Vitatu ukiuliza vizuri hakuna anayevitaka tena. Vinne vilikwama kwa sababu mume na mke hawajakubaliana na hawajawahi kuambiana kwamba hawajakubaliana, mfano zile waya, mama anataka taa ya urembo ya kuning'inia, baba anaona ni kuchezea hela anataka tyubu, kila mmoja anamsubiri mwenzake asahau.

Viwili vilikwama kwa mtu. Vyote vilikuwa ndani ya choo.

Jumamosi iliyotudanganya

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Nikawaambia tuanze na vile vidogo ili wapate moyo, ushauri ambao kila mtu anautoa. Jumamosi moja ya Julai wakamaliza vitano, kifuniko cha swichi, fimbo ya pazia, mkanda wa cherehani, komeo la dirisha, bomba la nje lililokuwa linadondosha. Watoto walifuta maduara kwa kitambaa wakishangilia, chai ya jioni ilikuwa na maandazi, Baba Neema akanipigia simu sauti imejaa.

Baada ya hapo kimya. Wiki mbili na zaidi hakuna aliyegusa kitu. Nilipopita nikakuta wameshiba, hilo ndo neno, kama mtu aliyekula karanga kabla ya ugali. Wamefuta vitano wanajisikia watendaji, na choo ambacho ndo kilitukutanisha kiko vile vile na ndoo yake ya mahindi.

Katikati hapo walijaribu na mambo mengine mawili ya kwao wenyewe. La kwanza kundi la WhatsApp likaitwa VIPORO, mume mke na Neema ambaye yuko chuo, ili kupeana taarifa. Siku ya nne lilikuwa kundi la kusemana, siku ya tisa Mama Neema akatoka. La pili faini, asiyefanya kazi yake ya wiki anaweka 5,000 kwenye kopo. Baba Neema akaweka. Wiki iliyofuata akaweka tena, na uso mkunjufu kabisa, kama mtu aliyelipia parking. Hili nililijua kidogo kwa sababu kuna utafiti maarufu wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, ulitoka mwaka 2000, shule za watoto wadogo kule Haifa, Israeli, zilianza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuchukua watoto na wachelewaji wakaongezeka, maana kabla ya faini mtu alikuwa anamuonea haya mwalimu, baada ya faini anaona muda ule kaununua. Baba Neema nae alikuwa ananunua Jumamosi yake kwa elfu tano, na ukizingatia ligi ilikuwa inakaribia kuanza, bei nzuri tu.

Choo, siku tano zilizokuwa kumi na tisa

Uamuzi wa tatu, mwanzoni mwa Agosti, ulikuwa wa Mama Neema. Akasema hakuna duara lingine litaguswa mpaka mlango wa choo ufungwe. Na akaongeza kitu ambacho mimi nisingekiwaza, alienda Sengerema mwenyewe akamwambia mama mkwe tarehe ya kuja kuchukuliwa. Kumbuka wageni walishawahi kuja kabla, kwenye kipaimara cha Neema kulijaa watu, na viporo vilifunikwa kwa mapazia siku tatu wakaondoka. Mgeni wa sebuleni anakufundisha kuficha. Huyu alikuwa anakuja kutumia kile kitu chenyewe.

Nikamuuliza Baba Neema choo kitachukua siku ngapi, akajibu siku tano bila hata kufikiri. Zikawa kumi na tisa, na tisa nzima kati ya hizo zina historia yake.

Yule fundi tailizi wa mwanzo aliondoka ukuta ukiwa nusu. Baba Neema alikuwa anamdai au anadaiwa, nilikuwa sielewi, nilichokiona ni kwamba kila nikisema tumuite yule yule maana ndo anajua mabomba alivyoyapitisha, mada inabadilika. Akaamua kulaza bomba la maji machafu mwenyewe. Bomba la inchi 4 linatakiwa lishuke kiasi cha sentimita 10 kwa kila mita 4, likilala sana uchafu unaganda, na kwake lilitakiwa lizunguke jiwe kubwa kama tembo lililoko nyuma ya nyumba. Alipima mteremko kwa chupa ya maji ya nusu lita, ameilaza juu ya bomba anachungulia kiputo jicho moja amefumba. Akafukia. Tulipomwaga ndoo ya kwanza maji yakaenda, yakasimama, yakarudi kutuangalia.

Nikamwambia si ungetumia pima maji. Akakaa kimya afu akasema pima maji yangu anayo yule fundi.

Tukakaa pale kwenye jiwe akanieleza. Miaka miwili iliyopita alimkata fundi 45,000 ya mwisho akisema nitakumalizia wiki ijayo, wiki ijayo mzigo wa dagaa ukanyeshewa ukaharibika, hela haikuwepo, na tangu hapo akiona kofia ya yule fundi barabarani anakata kona. Kwa hiyo kila akiangalia ule ukuta wa nusu haoni tailizi, anaona deni. Nani atapata hamu ya kwenda kulisimamia deni lake siku ya Jumamosi?

Nikamwambia piga simu sa hivi, mi nipo. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Fundi akapokea, na kabla Baba Neema hajamaliza salamu yule fundi akaanza, "Mkubwa shikamoo, dah nisamehe mkubwa, ile pima maji yako ninayo jamani, siku ile nilijisahau nikaondoka nayo, baadae nikaona aibu kuirudisha nikajua umeshanichukia." Baba Neema akanitazama. Miaka miwili hawa watu wawili wamekuwa wakikwepana kwenye njia moja, kila mmoja akijua yeye ndo mkosaji.

Fundi alikuja kesho yake na pima maji imefungwa kwenye gazeti. Alipewa 20,000 palepale na iliyobaki wakaipangia siku. Bomba likafukuliwa likalazwa upya, hapo siku sita zimeshakatika. Tatu nyingine zilikula tailizi, maana ile aina ya 2021 haipo tena dukani, tulizunguka mjini kati mpaka Igoma, wenye maduka wanaishika sampuli wanacheka. Mwishowe Mama Neema akachagua rangi ya bluu tofauti kabisa, ikapita kama mkanda kiunoni mwa ukuta, na kusema kweli pamependeza kuliko kama zingefanana. Mlango nao ulikuwa na mtu wake, seremala aliyechukua 60,000 ya kutangulia akahamia Geita, huyo hakupatikana, hela ikahesabiwa imekufa wakanunua mlango mwingine.

Kuhusu zile siku tano nisimcheke peke yake. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo wanamaliza lini tasnifu zao, kwa wastani wakasema siku 34, ikawa 55 na ushee. Mtu anapokadiria anaiona kazi yenyewe tu, haoni chupa ya maji wala tailizi zilizopotea sokoni. Siku hizi mimi nikiambiwa siku tano naandika mbili tatu za ziada kwa ajili ya kilima peke yake.

Mtumbwi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo palipokuwa pagumu. Ule mtumbwi Baba Neema alianza kuutengenezesha 2019, ndoto yake ilikuwa aache kununua dagaa za watu awe na chombo chake. Alishatumia zaidi ya laki tisa. Mbao zimekaa juani zimekauka zimeachana, kati ya ubao na ubao unapitisha kidole, kuuziba upya kwa pamba na kubadilisha mbao za chini ilikuwa karibu bei ya kuanza mwingine. Tulipokuwa tunahesabu vile vitatu visivyotakiwa na mtu, viwili alivitaja haraka, cha tatu alinyamaza na mkewe ndo akasema taratibu, "Baba Neema, na mtumbwi."

Hakusema kitu siku ile. Katikati ya ile kazi ya choo, hela ya mlango inatafutwa, akaenda mwaloni akauuza kwa 250,000 kwa jamaa aliyetaka mbao na misumari. Sikumshauri, alinitumia meseji tu, "nimeuza". Nilimkuta jioni amekaa nje na kasia, kasia hakuliuza, sa hivi liko ukutani sebuleni juu ya kabati.

Matokeo

Bibi alifika wiki ya kwanza ya Septemba, mlango unafungwa, maji yanashuka. Mpaka mwisho wa Oktoba mvua za vuli zinaanza, kati ya 17 walikuwa wamemaliza kumi, ikiwemo gata la nyuma ambalo waliliwahi kwa siku chache sana, vitatu wameviacha rasmi kwa kuvifuta chaki, na vinne vimebaki. Taa ya sebuleni imefungwa, sio ya urembo wala sio tyubu, ni balbu ya kawaida kwenye kivuli cha ukindu alichokifuma mama mwenyewe, kila mmoja anasema ameshindwa.

Bibi alipoonyeshwa choo alikizunguka na fimbo yake, akagusa mkanda wa bluu, akasema wabeja, wabeja sana, yaani asante kwa Kisukuma. Baada ya wiki mbili alipopata nguvu tukamkuta anashuka zile ngazi za mawe kwenda cha nje mchana. Anasema cha ndani ni cha usiku, kule nje kuna upepo.

Nionavyo mimi

Swali la "nipate wapi hamu ya kumaliza" mi naona kwa hawa watu lilikuwa limeulizwa vibaya. Hamu haikuongezeka, nilikuwepo, Baba Neema siku ya kufukua bomba alikuwa na hamu ya kumpiga mtu. Kilichobadilika ni kwamba kila kiporo kilitajiwa jina la kinachokikwamisha, na jina likishatajwa mara nyingi linakuwa dogo kuliko ulivyodhani, mkanda wa cherehani, simu ya dakika tatu, maneno manne ya mke. Ile chaki ilisaidia kwa sababu hiyo na kwa sababu inafutika, mtoto anaona duara linaondoka.

Kubaki na kimoja mpaka kiishe kulifanya kazi, japo nakiri sio kwa kila mtu, wangekuwa wamekwama kwa hela tupu ule utaratibu wa Mama Neema ungewafungia nyumba nzima mwezi mzima. Nilipokosea ni vidogo kwanza. Ningerudia ningevitumia kama mapumziko, siku ya kusubiri saruji ikauke unafunga fimbo ya pazia, sio kama mlo wa kufungulia.

Faini na kundi la simu vilishindwa kwa njia tofauti, kimoja kiliifuta aibu kingine kikaiongeza, na aibu ndo ilikuwa imewafunga tangu mwanzo. Nadhani mtu akikwambia kiporo chake kimekwama kwa hela, muulize taratibu kama hakuna mtu anayemkwepa. Sio lazima awe anadaiwa. Mimi mwenyewe kuna fundi umeme wa Nyakato nina ngazi yake.

Vile vinne vilivyobaki, kimojawapo ni ukuta wa nne wa sebule. Kabati lilisogezwa, ikakutwa mtoto wa mwisho alishachora pale kwa kalamu familia nzima na mtumbwi, sasa Baba Neema anasema usipakwe na mkewe anasema upakwe, angalau safari hii wameambiana.

Na juzi kanitumia picha, tofali kama thelathini zimepangwa nyuma ya lile jiwe. "Kaka, banda la kuku la bibi, dogo tu, siku tatu." Nikamuuliza pima maji iko wapi. Akanijibu kesho yake kwamba fundi kaiazima.